Corolla KE70 inagoma kuwaka asubuhi za baridi: usinunue kabureta kwanza

Mwalimu mstaafu wa Njombe anauliza:

"Nina gari aina ya Corolla KE70 la mwaka 1983, injini ya 4K, choki ya kuvuta kwa mkono. Nimekaa nalo tangu 1996. Ikifika Juni hadi Agosti, kuliwasha asubuhi ni kazi ya robo saa. Navuta choki yote, napampu eksileta, napiga stata mpaka majirani wanaamka. Jumatatu hali huwa mbaya zaidi, maana Jumamosi na Jumapili silitoi. Siku nyingine nasikia harufu kali ya petroli, siku nyingine hakuna harufu kabisa. Na jambo la kushangaza, mara nyingi linashika pale ninapokata tamaa na kuachia ufunguo. Likishapata moto, mchana kutwa linawaka kwa kugusa tu. Nimebadilisha plagi na betri. Sasa fundi anasema kabureta imechoka, nitafute ya mtumba. Nifanyeje?"

Shikamoo, Mwalimu.

Umeandika vizuri kuliko wateja wengi wanavyoeleza, na jibu la swali lako kwa sehemu kubwa limo humo humo ndani ya maelezo yako. Kuna maneno mawili uliyoyasema ambayo naona mafundi wako hawakuyatilia maanani. La kwanza ni kwamba Jumatatu huwa mbaya zaidi. La pili ni kwamba gari linashika unapoachia ufunguo. Hizo ni dalili za magonjwa mawili tofauti, na yote mawili yanaweza kumpata mtu mwenye kabureta nzima kabisa. Kwa hiyo fedha ya kabureta ya mtumba ibaki mfukoni kwanza. Nipe asubuhi tatu za uchunguzi.

Nianze na kwa nini baridi ni tatizo, kwa sababu ukilielewa hili hata mwenyewe utaweza kumhoji fundi. Petroli ikiwa majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa ya moto, petroli kidogo inayotoka kwenye kabureta inageuka mvuke papo hapo, na kilo 1 ya petroli inatosha kwa kama kilo 14.7 za hewa. Asubuhi ya Julai, Njombe, wakati bondeni kumeanguka sakitu, manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, ni ya baridi kama chuma cha geti. Petroli inayofika pale inanata kwenye kuta zake kama umande, na ni ile sehemu nyepesi tu ya mafuta inayofika kwenye silinda ikiwa mvuke. Inabidi umwage petroli nyingi zaidi ili huo mvuke kidogo utoshe. Hiyo ndiyo kazi ya choki: kile kibati kinaziba koo la kabureta, hewa inapungua, injini inanyonya mafuta kwa nguvu.

Wakati huo huo baridi inadhoofisha upande wa pili. Betri inatoa nguvu pungufu, oili imekuwa nzito, stata inazunguka kwa shida na kula umeme mwingi, na koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa betri, inabaki na umeme mdogo wa kutengeneza cheche. Yaani saa ile ile ambayo mchanganyiko ni mgumu kuwaka, na cheche nayo ni dhaifu. Mchana hitilafu hizo ndogo hazionekani, kwa sababu injini ya moto inawaka hata kwa cheche mbovu. Ndiyo maana linawaka kwa kugusa tu, na ndiyo maana fundi akija saa tano haoni kitu.

Tuanze na Jumatatu.

Kabureta ya 4K ina bakuli pembeni linalohifadhi petroli kidogo, na ndani yake kuna boya linaloifunga sindano bakuli likijaa. Uzuri wa kabureta hizi za Toyota ni kwamba kwenye ubavu wa bakuli kuna kioo kidogo cha mviringo, ukubwa wa kitufe cha shati. Wengi hawajawahi kukitazama kwa sababu kimefunikwa na masizi ya miaka thelathini. Kifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mchana, injini ikiwa imepoa. Ukimulika kwa tochi ya simu utaona alama, na mstari wa mafuta unatakiwa ukae karibu na alama hiyo, katikati ya kioo. Kama huoni mstari wowote, weka mkono kwenye bawa la gari ulitikise kidogo. Mstari ukicheza, mafuta yapo. Usipoona chochote kikicheza, bakuli ama limejaa mpaka juu ya kioo au ni tupu.

Sasa, Jumatatu alfajiri, kabla hujagusa ufunguo wala eksileta, fungua boneti na utazame kile kioo. Nina mategemeo makubwa kwamba utakikuta kitupu. Na kama ni kitupu, robo saa yako yote imeshaelezeka. Pampu ya mafuta ya 4K haiendeshwi kwa umeme. Inasukumwa na kemshafti, ule mhimili wa ndani ya injini unaofungua vali, na kemshafti inazunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Kwa mwendo wa stata kwenye baridi, pampu inakuwa kama mtu anayechota maji kwa kijiko cha chai: inabidi ijaze mpira wote kutoka kwenye tangi, kisha ijaze bakuli, ndipo kabureta iwe na kitu cha kutoa. Wewe unapampu eksileta na hakuna kinachotoka. Ndizo zile siku unazosema hakuna harufu.

Kwa nini bakuli linakauka? Injini za K zina manifoldi ya kuingiza na ya eksozi upande mmoja, na kabureta inakaa juu yake. Ukizima gari lililotoka safari, joto la eksozi linapanda na kuchemsha petroli iliyoko kwenye bakuli. Sehemu yake inapotea kila ukipaki. Kwa siku mbili za kukaa bila kuguswa inayeyuka zaidi. Hilo ni la kawaida kwa gari la umri huu. Lisilo la kawaida ni pampu kushindwa kushikilia mafuta kwenye mpira. Ndani ya pampu kuna vali mbili ndogo, na zikichoka, petroli iliyo njiani inarudi taratibu kwenye tangi usiku kucha. Mpira uliopasuka unafanya vivyo hivyo: hauvuji nje, ila unaingiza hewa.

Kutofautisha haya mawili ni rahisi. Asubuhi ile ile ya kioo kitupu, weka kitambaa chini na uchomoe mpira unaoingia kwenye kabureta. Mpira ukimwaga petroli mara moja, pampu na mipira ni mizima na tatizo ni bakuli kupoteza mafuta. Ukiwa mkavu, mafuta yamerudi nyuma: kagua kila mpira kuanzia kwenye tangi, hasa vile vipande vifupi vinavyounganisha bomba la chuma, uvikunje kwa vidole uone kama vina nyufa. Mipira ikiwa mizima, badilisha pampu. Kwa kazi hii hakikisha umechomoa betri, na usiwe na kiberiti, sigara wala jiko la mkaa karibu. Petroli ya asubuhi ya baridi inatoa mvuke kidogo, lakini kidogo hicho kinatosha kuteketeza gari na nyumba.

Kama ni bakuli tu linalokauka wikiendi, kuna ufumbuzi ninaoupenda kuliko yote, na nimeufunga kwenye magari kadhaa ya wazee wa huku nyanda za juu. Wavuvi wa pwani wenye injini za boti wana kile kibofu cha mpira cha kubana kwa mkono kilichopo kwenye mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi lao. Kinauzwa kwenye maduka ya injini za boti. Ndani yake kina vali ya njia moja, kwa hiyo kinazuia mafuta kurudi, na ukikibana mara kadhaa kinasukuma petroli kupita kwenye pampu mpaka kwenye bakuli. Kinafungwa kabla ya pampu, mbali kabisa na eksozi, mshale wake ukielekea kwenye injini. Jumatatu unafungua boneti, unabana mpaka kinakuwa kigumu mkononi, unaangalia kioo kimejaa, unafunga. Usiendelee kubana kwa nguvu baada ya hapo, utaizidi nguvu ile sindano ya boya na petroli itamwagikia ndani ya koo la kabureta. Hakikisha unanunua cha petroli, cha injini ya boti hasa, maana kuna vibofu vinavyofanana navyo vya kazi nyingine na petroli huviyeyusha.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi.

Koili ya gari lako, kama haijabadilishwa na mtu, haikuundwa kula volti 12 muda wote. Pembeni yake kuna resista, kipande cheupe kama cha kigae, kimefungwa kwenye mkanda wa koili. Gari likishawaka, umeme unapitia humo na koili inapata pungufu, kiasi cha volti 6 hadi 8 hivi wakati kontaki pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili ili cheche itoke) zimefunga, ili isipate joto na pointi zisiungue. Lakini waliounda gari walijua kwamba stata ikifanya kazi, betri inashuka mpaka volti 10 au chini kidogo ya hapo. Wakaweka waya wa pili ambao unaruka ile resista na kupeleka umeme wote wa betri kwenye koili, ila kwa zile sekunde tu ambazo ufunguo uko kwenye stata. Ukiachia ufunguo, waya huo unakufa na resista inachukua kazi.

Sasa fikiri waya huo umekatika, au terminali yake imeota kutu, au fundi fulani zamani aliuona hauna kazi akaukata. Unapopiga stata, betri iko volti 10, na hata hizo zinapitia kwenye resista. Koili inapata 5 au 6. Cheche inakuwa nyekundu, nyembamba, haina uwezo wa kuwasha petroli ya baridi. Unakata tamaa, unaachia ufunguo. Stata inaacha kula umeme, betri inarudi volti 12 papo hapo, na injini bado ina mzunguko mmoja au nusu uliobaki. Katika kipande hicho cha sekunde cheche inapata nguvu, gari linashika. Gari linaloshika unapoachia ufunguo limekuonyesha kwa kidole mahali pa kutafuta.

Naeleza hili kwa urefu kwa sababu liliwahi kumgharimu mteja wangu. Mwaka 2009 nilikuwa fundi kijana Mafinga, na mzee mmoja aliyekuwa akisomba majani ya chai aliniletea pikapu yenye injini kama yako. Nilifungua kabureta mara tatu. Nikamnunulisha nyingine ya mtumba, ikawa mbaya kuliko ya mwanzo. Alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza kwamba linashika anapoachia ufunguo, nami nikaliona ni neno la mtu asiyejua magari. Baada ya wiki mbili fundi umeme mmoja alipita, akaegemea boneti, akasikiliza, kisha akagusa waya mmoja mwekundu kwenye koili ukabaki mkononi mwake. Fedha ya yule mzee inaniuma mpaka leo, na tangu siku hiyo neno la mteja naliandika kwanza kabla ya kushika spana.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Tafuta mita ya umeme na mtu wa kukaa kwenye usukani. Nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye upande wa chanya wa koili. Mwambie apige stata. Ukiona volti 9 na kitu, karibu sawa na za betri yenyewe kwa wakati huo, waya ni mzima. Ukiona 5 au 6, umeupata ugonjwa. Kama huna mita, chukua waya mzuri wenye vibanio, uunganishe kutoka chanya ya betri hadi chanya ya koili, kisha piga stata. Gari likiwaka kwa mara moja baada ya wiki za mateso, tayari. Ila likishawaka uuchomoe waya huo mara moja. Ukiuacha, koili itachemka na pointi zitaungua.

Kwa kuwa uko hapo hapo, peleka mita kwenye jambo jingine: nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma cha injini, na stata ipigwe. Isizidi nusu volti. Ikizidi, ule waya mnene wa ethi kutoka betri kwenda kwenye bodi na injini una kutu kwenye boliti zake. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga. Betri mpya haisaidii kitu ikiwa umeme wake unapotelea kwenye kutu, na nina wasiwasi ndivyo ilivyotokea kwako. Betri yenyewe ikiwa imetulia usiku kucha inatakiwa isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imejaa nusu, na kwa asubuhi za Njombe nusu haitoshi.

Angalia pia kama koili imewahi kubadilishwa. Kuna koili za volti 12 zisizohitaji resista na kuna zinazoihitaji. Mtu akifunga ile isiyoihitaji na kuiacha resista pale pale, cheche itakuwa dhaifu mwaka mzima. Akifanya kinyume chake, pointi zitakuwa zinaungua kila baada ya muda mfupi. Maandishi kwenye koili yenyewe huwa yanasema.

Sasa harufu ya petroli. Zile siku ambazo bakuli lina mafuta lakini cheche ni dhaifu, wewe unavuta choki yote na kupampu eksileta mara kumi. Kila ukikanyaga, pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta inarusha petroli kwenye koo. Mafuta yanajaa, plagi zinalowa, na plagi iliyolowa haitoi cheche. Kwa hiyo jaribio moja la asubuhi ambalo halihitaji kifaa zaidi ya spana ya plagi: gari likigoma kwa dakika mbili, toa plagi moja na uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayajafika, rudi kwenye kioo. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yapo na moto ndio haupo. Ikiwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni, nitaielezea hapo chini. Fundi anayekwambia kabureta imechoka bila kutoa plagi hata moja anakisia.

Kazi ya kabureta yenyewe unayotakiwa kuikagua ni ndogo. Toa mfuniko wa chujio cha hewa. Mwambie mtu avute choki, utazame kile kibati: kinatakiwa kifunge koo lote. Mara nyingi waya wa choki umelegea kwenye skrubu yake, kitufe kinatoka chote huko ndani ya gari lakini kibati kinafunga nusu. Hapo unakaza skrubu moja na umemaliza. Kisha rudisha choki, injini ikiwa imezimwa na kioo kikionyesha mafuta, sukuma eksileta kwa mkono pale kwenye kabureta. Unatakiwa uone mkondo mwembamba wa petroli ukiruka mara moja, wenye nguvu, kama maji ya sindano ya daktari. Ukidondoka matone tu, au ukichelewa, kikombe cha mpira cha pampu hiyo kimekakamaa. Kinauzwa kwenye seti ya gasketi na vifaa vya kurekebishia kabureta, kwa bei ndogo ukilinganisha na kabureta nzima. Fundi akifungua kabureta, mkatalie kuingiza waya kwenye jeti, vile vitundu vinavyopima petroli. Jeti inasafishwa kwa upepo. Tundu likitanuka hata kidogo, gari litakula mafuta maisha yake yote.

Kuhusu kabureta ya mtumba, wasiwasi wangu ni huu. Imetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako au zaidi. Mhimili wa kipepeo chake, kile kibati kinachofunguliwa na eksileta, umelika, unaingiza hewa pembeni, na hakuna anayejua jeti zake zimeshapitiwa na mikono ya nani. Yako unaijua historia yake tangu 1996.

Upande wa distributa, inayogawa umeme wa koili kwa kila plagi, kontaki pointi ziwe na nafasi ya milimita 0.45 zikifunguka kabisa, na plagi milimita 0.8. Pima kwa fila geji, usikubali kipande cha boksi la sigara. Fungua kepu asubuhi yenye ukungu uitazame ndani. Njombe ukungu unaingia mpaka kabatini, na nimewahi kukuta matone ya maji yamekaa kabisa kati ya zile nguzo za shaba. Futa kwa kitambaa kikavu. Tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kutoka nguzo moja kwenda nyingine; ukiuona, kepu imepasuka na umeme unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi. Waya za plagi zipime usiku: zima taa zote, washa injini, fungua boneti, simama utazame bila kugusa. Waya mbovu utauona, vijicheche vya buluu vinatambaa juu yake. Na hizo plagi mpya, zitazame kwa makini, kwa sababu feki zimejaa. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia.

Plagi nyeusi tii. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 20. Kabureta haijui hilo. Inatoa mafuta karibu yale yale kwa hewa pungufu, kwa hiyo gari lililosetiwa pwani linatembea na mafuta mengi huku juu, na masizi yanajaa kwenye plagi. Masizi ni kaboni na yanapitisha umeme, hivyo asubuhi cheche inakimbilia humo. Ukikuta hali hiyo, mwambie fundi apunguze mafuta ya silensa (injini inapounguruma bila kukanyaga eksileta) injini ikiwa na moto wake kamili, na ukague chujio cha hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi akipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na kukuta namba ziko chini ya zile za kitabu, asikutishe kwamba injini imekufa. Namba zitashuka huko kwa silinda zote. La kuangalia ni kama silinda nne zinakaribiana.

Oili ikiwa ile nzito ya namba 40 peke yake, badilisha uweke 20W-50, au 15W-40 kwa miezi ya baridi. Utasikia tofauti kwenye stata siku hiyo hiyo. Petroli nunua kituoni, kidogo kidogo kama hutembei sana. Iliyokaa kwenye dumu wiki nyingi imeshapoteza ile sehemu nyepesi, na sehemu hiyo ndiyo pekee inayowaka kwenye baridi. Ya kuchakachua kwa mafuta ya taa ni mbaya zaidi asubuhi kuliko mchana. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya mchezo huo, lakini dumu la kando ya barabara halina wa kulipima.

Ukishamaliza matengenezo, namna ya kuwasha ni hii. Hakikisha kioo kina mafuta. Kanyaga eksileta mara mbili, polepole mpaka chini, kisha toa mguu kabisa. Vuta choki yote. Piga stata sekunde tano hadi saba bila kugusa eksileta. Likigoma, pumzisha stata na betri sekunde ishirini, rudia. Likishika, rudisha choki hadi nusu mara injini inapotulia, na uondoke taratibu baada ya dakika moja. Usiliache likiunguruma na choki dakika kumi getini kama wengi wanavyofanya. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye oili ya injini. Choki iwe imerudi yote ndani ya kilomita moja au mbili. Na likinuka petroli kabla ya kuwaka, ujue limelowa: rudisha choki yote ndani, kanyaga eksileta mpaka chini kabisa uishikilie hapo hapo bila kupampu, piga stata. Hewa nyingi itapita na kukausha.

Kwa hiyo, Mwalimu, Jumatatu hii fanya mawili tu: tazama kioo kabla ya kugusa chochote, kisha pima volti za koili wakati stata inapigwa. Niandikie ulichokiona kwenye kioo na namba uliyoisoma kwenye mita, pamoja na maandishi yaliyo kwenye koili, nami nitakwambia kama kuna haja hata ya kuifungua hiyo kabureta.